Baridi ya Mzizini: Mhadhara juu ya Miche ya Nyanda za Juu na Bakteria Wanaoihami



Mtu aliyekulia pwani, ambako kusi na kaskazi ndizo zinazoupanga mwaka, aghalabu huwahesabu maadui wa mkulima kuwa ni ukame, ndege na nguruwe mwitu, wala si ajabu, kwa kuwa huko mtu aweza kuzaliwa, akaoa, akazeeka na akazikwa asiijue sakitu hata kwa jina. Ninyi wa Njombe na Makete, mnaoamka asubuhi za Juni na Julai mkakuta majani ya viazi yamefunikwa weupe, na kabla ya adhuhuri yamekwisha kuwa meusi, hamna haja ya kufundishwa baridi na mgeni aliyepanda kutoka bondeni hali amevaa makoti mawili. Sikuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kuzungumza habari za viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wakaao katika udongo na wengine ndani ya mizizi yenyewe, ambao kwa miaka ipatayo arobaini sasa wataalamu wa Kanada, Ufaransa na India wamewachunguza kwa bidii, kwa sababu imethibitika kwamba baadhi yao huuwezesha mche mchanga kuistahimili baridi ambayo pasipo wao ingeudhoofisha au kuuua.

Kabla ya kumsifu tabibu ni haki kuujua ugonjwa. Baridi inayodhuru miche ni ya namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hasara nyingi vitaluni. Ya kwanza ni baridi isiyogandisha maji, inayoanza joto linaposhuka chini ya nyuzi 12 au 15 za Selsiasi na kuendelea hadi karibu na sifuri. Kabichi, ngano na njegere huipokea bila manung'uniko, walakini nyanya, mahindi, maharage na matango, mimea ambayo asili yake ni nchi za joto, huugua nayo hata kama hapana tone moja lililoganda. Ya pili ndiyo sakitu yenyewe, igandishayo maji, nayo haina haja ya kuelezwa hapa, kwa maana kila aliyepanda parachichi bondeni badala ya mteremkoni amekwisha kuilipia ada yake.

Hebu tuutazame kwa karibu mche wa nyanya asubuhi iliyofuata usiku wa baridi isiyogandisha. Udongo wa kitalu umelowa. Ukiuchota na kuufumbata unashikana na kuacha unyevu kiganjani. Jua linachomoza, anga ni safi, hewa inaanza kupata uvuguvugu, na saa tatu haijafika majani yanalegea, yanainama, kingo zake zinajikunja kwa ndani, kwa jumla mche una sura ya kiu kali ilhali miguu yake imo majini. Mwenye kitalu, kwa huruma, hukimbilia ndoo na kuumwagilia maji ya kisima, ambayo huzidi kuupoza udongo, na hivyo huruma ikawa ndiyo inayoumaliza. Sababu ya jambo hili ni kwamba mzizi uliopoa hupitisha maji kwa shida kubwa, na jani lililopigwa na jua halimsubiri mwenzake aliye chini. Hutoa maji yake kwa hewa haraka kuliko mzizi unavyoweza kuyaleta. Kwa hiyo dhiki tunayoiona jani likiionyesha haikuanzia janini, imeanzia mzizini, na jambo hili ndilo mhimili wa maneno yangu yote ya leo.

Yako mengine yanayotendeka humo ndani. Kila chembehai ya mmea imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta, na mafuta hayo katika mimea ya nchi za joto hukakamaa yakipoa, utando ukavuja, chumvi zilizotunzwa ndani zikatoka nje. Jani huendelea kupokea nuru yote ya jua, lakini kazi ya kuigeuza nuru kuwa sukari imezorota kwa baridi, na ile ziada isiyo na pa kwenda huzalisha oksijeni kali inayounguza kila inachokigusa. Fauka ya hayo, mmea ulio katika mashaka hutengeneza etilini, gesi ile ile iivishayo ndizi zilizofukiwa shimoni. Kidogo chake ni ishara yenye manufaa, lakini ikizidi huuzuia mzizi kurefuka wakati ambapo mche unauhitaji mno mzizi mrefu. Ama katika sakitu, barafu huanza kuumbika katika nafasi zilizo baina ya chembehai, na kwa kuumbika kwake huyavuta maji kutoka ndani ya chembehai zenyewe, hata tishu nyingi zikafa kwa kukaukiwa. Mimea iliyozoea baridi hujikinga kwa kuweka akiba ya sukari na ya prolini, ambayo ni mojawapo ya asidi zinazojenga protini; akiba hiyo huwekwa kwa siku kadhaa za ubaridi wa polepole, na mche uliolelewa chini ya nailoni yenye joto kisha ukatolewa shambani kwa ghafla haukupewa muda huo.

Sasa na tushuke chini ya ardhi. Mwaka 1904 mtaalamu wa Kijerumani Lorenz Hiltner alionyesha kwamba ule udongo mwembamba unaoushika mzizi si udongo wa kawaida, bali una umati wa viumbe wengi kupita udongo ulio mbali nao kidogo, na sababu yake ni ukarimu wa mmea wenyewe, ambao humwaga mizizini sehemu ya sukari na asidi ulizozitengeneza majanini. Wengi wa wageni hao hula na kwenda zao. Wako wanaoleta maradhi. Na wako wachache ambao, kwa kuwapo kwao tu karibu na mzizi au ndani yake, mmea hustawi kuliko ambavyo ungestawi peke yake. Hao mnamo mwaka 1978 Joseph Kloepper na Milton Schroth wa Marekani waliwapa fungu lao katika elimu hii, na tangu siku hiyo maabara nyingi hazikulala.

Miongoni mwa wote waliochunguzwa kwa ajili ya baridi, aliye mashuhuri zaidi ametoka mahali ambapo hapana mtu angemtafuta: katika mizizi ya vitunguu. Watafiti watatu waliofanya kazi Kanada, Frommel, Nowak na Lazarovits, walikuta kwamba mizizi iliyokwisha kusafishwa nje kwa dawa hadi isibaki kijidudu juu yake bado ilitoa bakteria, na maana yake ni kwamba bakteria huyo makazi yake yalikuwa ndani. Katika maandishi yao ya mwaka 1991 walieleza kwamba walipomtia katika vipando vya viazi vilivyooteshwa chupani, vipando vile vilitoa mizizi mingi zaidi, vikawa na shina gumu zaidi na majani yenye vinyweleo vingi. Wakampa alama PsJN. Jina lake la ukoo wanazuoni wamelibadilisha mara kadhaa, na leo yumo katika vitabu kama Paraburkholderia phytofirmans; sisi tutaendelea kumwita kwa alama yake, ambayo walau haibadiliki kila wanazuoni wakutanapo.

Kutoka kwenye viazi bakteria huyu alivuka bahari hadi Reims, katika jimbo la Champagne huko Ufaransa, ambako mzabibu ni mali na sakitu ya majira ya kuchipua ni hofu ya kila mwaka. Huko watafiti Ait Barka na Clément, pamoja na Nowak yule yule wa Kanada, walichukua vipando vya zabibu ya aina ya Chardonnay, wakavitia PsJN nusu yake na nusu wakaviacha, kisha wakavilea vingine katika nyuzi 26 na vingine katika nyuzi 4 tu za Selsiasi. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2006 yanastahili kusomwa pole pole. Ukuaji wa mizizi uliongezeka mara 11.8 katika joto na mara 10.7 katika baridi, yaani baridi haikuipunguza ila kidogo sana faida ya bakteria upande wa mizizi. Lakini uzito wa kipando kizima, ulioongezeka mara 6 katika joto, uliongezeka mara 2.2 tu katika baridi. Wakapima pia ule uvujaji wa chumvi nilioutaja, wakaona kwamba vipando vyenye bakteria vilivuja kwa kiasi pungufu kuliko vingine, na viliporudishwa kwenye joto vilipata nafuu upesi zaidi; na walipoitafuta akiba ya ndani, walikuta wanga, prolini na zile dawa chungu za asili ambazo mmea hujitengenezea, vyote vimezidi.

Mtu mwenye pupa ataifunga hadithi hapo na kukimbilia dukani. Mimi nawaomba mtazame vema kilichotendeka. Bakteria hakuleta joto hata chembe. Nyuzi 4 zilibaki nyuzi 4. Alichofanya ni kuufanya mche uwe na mizizi mingi kabla ya dhiki na uwe umeanza kuweka akiba kabla ya kulazimishwa, mithili ya jirani anayebisha hodi usiku kuwaambia wenye nyumba kwamba mto umejaa, wakaamka na kuhamisha mtama kabla maji hayajafika kizingitini. Faida hiyo ni kubwa kwa mche uliopewa bakteria mapema, ungali mdogo, na ni haba au si chochote kwa mche uliokwisha kuunguzwa. Anayewauzia chupa ya bakteria ya kunyunyizia majani yaliyokwisha kuwa meusi anawauzia maji.

Habari ya etilini nayo ina uzuri wake. Huko Waterloo, Kanada, Bernard Glick na wanafunzi wake walibainisha kwamba baadhi ya bakteria wa mizizini wana kimeng'enya kinachovunja ile asidi ambayo mmea huitumia kutengenezea etilini, wakaigeuza kuwa chakula chao. Hivyo kila kiasi wanachokila ni kiasi kilichopungua katika gesi inayouzuia mzizi kurefuka. Bakteria anashiba, mzizi unarefuka, wala hapana aliyemfanyia mwenzake hisani kwa kukusudia. Mmoja wao, Pseudomonas putida mwenye alama GR12-2, alitolewa katika mizizi ya nyasi za Aktiki ya Kanada, na mwaka 1995 ilitangazwa kwamba hukua katika nyuzi 5, kwamba huirefusha mizizi ya kanola katika ubaridi huo huo, na kwamba hutoa nje ya mwili wake protini yenye kuizuia barafu isikue. Hapa iko faida ya hekima isiyohitaji maabara: aliyefaa kazi ya baridi ametafutwa na kupatikana penye baridi.

Kama inahitajika ithibati ya pili, ipo katika milima ya Himalaya ya India. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Almora, jimbo la Uttarakhand, wataalamu walikusanya bakteria wa milimani, wakawachagua wale waendeleao kukua katika nyuzi 4, wakazipaka mbegu za ngano bakteria hao, na miche iliyoota katika ubaridi ikawa mirefu na mizito kuliko isiyopakwa. Mmoja wa bakteria hao hakutoka udongoni kabisa, alipatikana katika maua ya mmea wa jamii ya maboga. Naye ni Serratia marcescens. Nalitaja jina hili kwa makusudi, kwa sababu jamaa za bakteria huyo hujulikana pia hospitalini, ambako huwashambulia wagonjwa wenye miili dhaifu. Kuufaa mmea si dhamana ya kumfaa mwanadamu, na asitokee mtu hapa akadhani kwamba kila kijidudu cha udongoni, kwa kuwa ni cha asili, basi ni cha kuchezewa kwa mikono mitupu jikoni.

Wapandao maharage na soya wana habari nyingine inayowahusu zaidi. Mnajua kwamba mimea ya mikunde huingia ushirika na bakteria waitwao raizobia, wanaojenga vinundu mizizini na kuitega naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mwenyeji wao. Ushirika huo haufungwi kimya kimya: mzizi hutoa kwanza dawa ya ishara, bakteria akaipokea na kujibu kwa ishara yake, ndipo mlango unafunguliwa. Donald Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliona kwamba soya, ambayo hupenda udongo wa nyuzi 25 na zaidi, huchelewa kupata vinundu kila udongo unapopoa, na chini ya nyuzi 17 kuchelewa huko huwa kukubwa mno, kwa sababu mazungumzo yale ya awali hudhoofika. Suluhisho lao lilikuwa la werevu: waliwalea bakteria pamoja na jenisteini, ambayo ni ishara ya soya yenyewe, kabla ya kuwapaka mbegu, na bakteria wakafika shambani wamekwisha kuitikia mwito ambao mzizi wenye baridi ulikuwa hauna nguvu ya kuutoa. Vinundu vikatokea mapema zaidi. Vilevile walipochanganya raizobia na bakteria wengine wa kukuza mizizi, ushirika ulishika upesi katika udongo wa baridi.

Haifai kuficha kwamba wamo bakteria wanaofanya kinyume chake. Pseudomonas syringae, akaaye juu ya majani, ana protini inayoyapanga maji yakawa barafu katika nyuzi chache tu chini ya sifuri, karibu na 2, ambapo maji safi yasiyo na kichocheo yangeweza kubaki majimaji na jani likanusurika. Steven Lindow wa California aliondoa jeni ya protini hiyo, na mwezi Aprili 1987 bakteria wake waliobadilishwa walinyunyiziwa shamba la stroberi, ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa viumbe wa namna hiyo kuachiwa nje kwa idhini ya serikali ya Marekani. Makelele yakawa makubwa, na biashara yenyewe haikushika. Kisa hiki kinapotajwa watu hukitumia kuogopesha. Mimi nakitumia kwa jambo dogo tu: kwamba jani nalo lina wakazi wake, na mwenye kunyunyizia kitu majanini hajui kila anayemkaribisha.

Sasa tufanye nini hapa? Biashara ya bakteria wa mbegu si ngeni kwetu. Kenya wanayo Biofix, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilitoa Nitrosua kwa ajili ya soya. Hizo ni raizobia za naitrojeni. Hazikuchaguliwa kwa sababu ya baridi, na asiwadanganye mtu kuwa ni kinga ya sakitu. Lakini zimewafundisha wakulima wengi adabu ya kumtunza kiumbe hai aliyefungwa katika pakiti: aiweke mahali pa baridi na pasipo jua; azilowanishe mbegu kwa maji yenye gundi au sukari, amwagie unga wa pakiti hiyo na kuugeuza pole pole hadi kila mbegu ivae vazi jeusi; azianike kivulini; azipande siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu; na asizichanganye na dawa za kuua kuvu bila kuuliza, kwa maana nyingi huwaua hao aliowanunua. Adabu hiyo itatufaa siku watakapopatikana bakteria wa baridi.

Nao, kwa maoni yangu, watafutwe kwetu. Bakteria wa chupani aliyeletwa kutoka mbali, akitiwa katika udongo wenye mamilioni ya wenyeji wenye njaa, mara nyingi hupungua upesi, na hiyo ndiyo sababu mafanikio ya maabara, ambayo mengi yalipatikana katika chupa safi zisizo na mshindani hata mmoja, hufifia yafikapo shambani. Uwanda wa hifadhi ya Kitulo, ulioko mita 2,600 na zaidi juu ya bahari, una nyasi na maua yaliyoota katika sakitu tangu kabla ya babu zetu, na mizizi yake haikosi wakazi waliozoea. Idhini ya hifadhi sharti iombwe, na kazi ya kuwatenga na kuwathibitisha kuwa hawana madhara ni ya maabara, haiwezi kuwa ya mtu binafsi. Lakini bila shinikizo la wakulima hapana maabara itakayoona kuwa jambo hili ni la haraka, kwa kuwa fedha za utafiti hufuata mazao yapigiwayo kelele.

Wakati huo ukingojewa, msiache yale yanayojulikana: kitalu kwenye mteremko ambapo hewa baridi hupita na kushuka, matandazo yaondolewe mchana ili udongo upate jua na kurudishwa jioni, maji ya kumwagilia yawe yamekaa juani, miche itolewe nje kwa siku kadhaa kabla ya kupandikizwa. Bakteria ni nyongeza juu ya haya, hawachukui nafasi yake.

Na kwa walimu wa shule mliopo hapa nina ombi moja, ambalo gharama yake ni kipimajoto na daftari. Mtu akiwaletea bidhaa yoyote ya bakteria akisema inakinga miche na baridi, msimkatalie wala msimsadiki. Tengenezeni matuta matatu yenye miche ya aina moja, udongo wa aina moja, yakipandwa siku moja: la kwanza lipewe bidhaa hiyo, la pili lipewe bidhaa ile ile iliyochemshwa hadi bakteria wafe, la tatu lisipewe kitu. Chomekeni kipimajoto udongoni, kina cha sentimita 5, mkisome kila alfajiri mkaandike, kisha baada ya majuma sita mng'oe miche kwa uangalifu, muioshe na kuipima mizizi. Tuta la kwanza likilishinda la pili, bakteria wamefanya kazi. Yakilingana mawili hayo na kulishinda la tatu, mmenunua mbolea kwa bei ya dawa. Matokeo yapelekeni kwa bwana shamba na kwa wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Uyole, yawe mema au mabaya, maana hata kushindwa kwa bidhaa katika udongo wa Makete ni habari ambayo mkulima mwingine anaihitaji kabla hajafungua mfuko wake.